Kidole Gumba na Mwenzake

Katika arusi za kwetu Manono, nchini Kongo, siku hizi muziki huja ndani ya kisanduku cha plastiki. Kijana anabonyeza kitufe, ngoma inaanza, besi inafuata, naye anabaki akitazama simu yake. Watu wanacheza, sikatai. Lakini hakuna mtoto anayesogea karibu kuangalia mikono ya mpigaji, maana mikono haina la kuonyesha.

Mji huu ulikua kwa bati. Katika kambi za wafanyakazi wa Géomines, kampuni ya bati, kama ilivyokuwa katika kambi za Likasi na Lubumbashi, gitaa kavu lilikuwa chombo cha jioni, zamu ikiisha. Ufundi wa Katanga ulipikwa katika kambi kama hizo, na nyimbo zake nyingi zikaimbwa kwa Kiswahili chetu. Aliyeufikisha mbali ni Jean-Bosco Mwenda, aliyezaliwa Bunkeya mwaka 1930. Mwaka 1952 mtafiti wa muziki Hugh Tracey alimkuta Jadotville, ndiyo Likasi ya leo, akamrekodi. Wimbo wa «Masanga» ukatoka katika santuri za Gallotone, ukavuka mipaka, na wapigaji wa Nairobi wakaanza kuutafuta kwenye nyuzi zao.

Walitafuta nini? Vidole viwili tu. Gumba hushuka kwenye nyuzi nene na halisimami, kama mama anayetwanga huku akiongea na jirani. Kidole cha shahada ndicho kinachoongea: kinapanda nyuzi nyembamba, kinauliza, kinajibiwa, kinachelewa kusudi, kisha kinawahi pale usipokitarajia. Asiyejua huapa kwamba wapigaji ni wawili. Kazi ngumu ni kuvifanya vidole hivyo viwe na akili mbili, kila kimoja na mwendo wake, pasipo kimoja kumburuta mwenzake. Halafu juu ya hayo mtu aimbe.

Na haya yote yaliingia katika upande mmoja wa santuri, dakika tatu hivi. Hapakuwa na nafasi ya kupoteza. Wapiga gitaa wenzake Edouard Masengo na Losta Abelo nao walijua kuanza bila kusitasita, kusema neno lao na kunyamaza kabla sindano haijafika mwisho. Chupa ya soda iliyogongwa kando ilitosha kuwa ngoma.

Enzi hiyo haikudumu. Nyimbo za Mwenda zinazokumbukwa zaidi ni za miaka kumi tu au karibu na hapo. Gitaa la umeme na bendi kubwa za rumba zikatwaa mitaa na redio, naye akawa mtu wa kazi ya ofisini. Mwaka 1969 alipiga kwenye tamasha la Newport, Marekani. Mwaka 1990 ajali ya barabarani ikamuua nchini Zambia.

Ufupi wa enzi si kosa. Kule Uingereza, vijana wa bendi ya Sex Pistols walipanda jukwaani mara ya kwanza Novemba 1975, wakavunjika Januari 1978, wakiwa wametoa albamu moja tu ya studio. Waingereza hawajaiachia enzi hiyo ipotee: wanaisimulia, wanaibishania, na vijana wao bado wanaijifunza. Sisi tulimpata fundi aliyeshinda kwa vidole viwili, tukasema zama zake zimepita.

Linaloniuma ni kwamba Mwingereza mmoja, John Low, mwenyewe mpiga gitaa, alisafiri hadi huku kuwatafuta Mwenda, Masengo na Abelo, akaketi kwao kama mwanafunzi, na kitabu chake kuhusu safari hiyo kikatoka mwaka 1982. Alielewa jambo tulilolipuuza. Santuri huhifadhi sauti, mkono haiuhifadhi. Haikuonyeshi gumba limeegemea wapi, wala kiganja kimelegea kiasi gani. Hayo hurithiwa kwa kuketi ubavuni mwa anayejua, jioni baada ya jioni, ukikosea naye akikurudisha mwanzo.

Leo Manono inatajwa duniani kwa lithiamu, na kila mgeni anauliza kilichomo ardhini. Tumezoea sana swali hilo, hata nasi hatuulizi tena kilichomo mikononi mwa wazee wetu. Madini yatasubiri chini yalipo. Mzee hasubiri. Akiondoka bila mwanafunzi, tutabaki na santuri zinazotusimulia uzuri ambao hakuna hata mmoja wetu awezaye kuurudia, na lawama hiyo haitakuwa ya mgeni yeyote.