Sifa ya Springi Fupi

Mpe kijana wa Dar es Salaam Subaru Impreza WRX iliyotoka bandarini jana. Kabla hajakata bima ameshaanza kuulizia bei ya kuishusha. Ile nafasi kati ya tairi na bodi inamkera, maana ngumi inapita bila kugusa. Simlaumu. Kiwandani walilazimika kumfikiria mtu wa kaskazini ya Japani anayefunga minyororo kwenye matairi msimu wa theluji, na familia ya watu watano yenye mzigo buti zima. Kijana wetu hana theluji, na buti lake limejaa spika.

Kichekesho ni kwamba jina la Impreza huku kwetu lilikuzwa na Safari Rally, mashindano yaliyoanza mwaka 1953 yakipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Kenneth Eriksson alimaliza wa pili na Impreza mwaka 1996, Colin McRae akashinda nayo mwaka 1997, na magari yao yalikuwa yameinuliwa ili yavuke mawe na mito. Walioipa sifa waliinua, walioirithi wanashusha.

Kushusha gari ni kazi rahisi. Grinda inatosha: springi inakatwa mzunguko mmoja, gari linakaa chini, mteja anapiga picha. Wengine huichoma kwa gesi mpaka ilegee na kuzama yenyewe chini ya uzito wa gari. Huko ni kukiua chuma, kwa sababu uimara wake wote ulipatikana kwa kupashwa moto na kupozwa kwa kipimo. Hao siwaongelei zaidi. Ninaotaka kuwasifu ni wale wanaolishusha gari na bado likabaki gari: mtengenezaji wa springi kwanza, kisha fundi anayeichagua na kuifunga.

Ukiitazama springi ya koili unaona waya mnene uliosokotwa, basi. Lakini ugumu wake hufuata unene wa waya kwa kipeo cha nne. Toka milimita 12 hadi 13, tofauti ambayo jicho haliishiki, na springi imekuwa ngumu zaidi kwa karibu asilimia 38. Mizunguko nayo ina hesabu yake: punguza inayofanya kazi kutoka 6 hadi 5, ugumu unapanda asilimia 20. Kwa hiyo yule wa grinda anashusha na kukaza kwa mkupuo mmoja, wala hajui amekaza kiasi gani.

Mtengenezaji anajua. Finnentrop, mji mdogo wa magharibi ya Ujerumani, ndiko waliko Eibach tangu mwaka 1951, na H&R wako mji wa jirani, Lennestadt. Chuma chenye silikoni na kromiamu husokotwa na kutiwa ugumu, kisha humwagiwa mvua ya punje za chuma zinazoipiga ngozi ya waya mpaka ijikaze, ili ufa usipate pa kuanzia. Halafu springi hubanwa kwa nguvu mpaka mizunguko yake igusane. Hatua hii ndiyo inayonivutia kuliko zote. Springi mpya ina tabia ya kulegea kidogo ikibebeshwa mzigo kwa mara ya kwanza, basi wanailazimisha ilegee palepale kiwandani, ikimaliza ndipo ipimwe na kupakwa rangi. Unayoinunua imeshazama kiasi chake chote. Rangi nayo si urembo mtupu: ikibanduka pale waya unapokalia kitako chake, kutu huingia, na mzunguko wa chini ukakatika siku usiyoitarajia.

Robert Hooke, aliyegundua kwamba springi hubonyea kwa kadiri ya nguvu inayoisukuma, aliutangaza ugunduzi huo mwaka 1676 kwa herufi zilizovurugwa mpangilio ili asiibiwe, akaja kuufumbua mwaka 1678. Wauzaji wengi wa springi bado wako 1676. Boksi litakuambia gari litashuka milimita 35 na springi ni nyekundu. Ukiuliza ugumu, kimya.

Na ugumu ndio swali lenyewe. Chukua gari ambalo gurudumu lake lina milimita 80 za kupanda kabla shokapu haijagota kwenye mpira wake wa ndani. Lishushe 30, zimebaki 50. Tuta la mtaani kwenu halijapungua, na kishindo chake ni kilekile. Ili springi ikimeze chote ndani ya milimita 50, hesabu inataka iwe ngumu zaidi ya mara mbili na nusu. Hakuna anayekuuzia kitu hicho kwa gari la kwendea kazini. Springi za kushusha za barabarani kwa kawaida huongezewa asilimia 15 hadi 30 hivi, na pengo linalobaki hupokewa na ule mpira. Kama mpira wenyewe umezeeka na kumeguka, na gari linalotoka Japani likiwa na miaka kumi mara nyingi ndivyo lilivyo, pengo hupokewa na shokapu, kisha na mgongo wako. Sasa shusha 20 badala ya 30. Ugumu unaohitajika unakuwa mara 1.8 tu, tena ule mpira unakuwa na kazi unayoiweza. Milimita kumi! Kwenye picha hakuna atakayeziona, lakini kwenye tuta kila abiria atazihisi.

Watu huogopa ugumu kupita kiasi, na hapo nawatetea watengenezaji. Gari la kawaida hupanda na kushuka juu ya springi zake mara moja hadi moja na nusu kwa sekunde, la kispoti hukaribia mara mbili. Ongeza ugumu kwa asilimia 30, mdundo huo unapanda kwa asilimia 14 tu. Hilo si la kumtoa mtu meno. Linalotesa ni kuifunga springi mpya juu ya shokapu iliyochoka, ambayo hata ile laini ya zamani ilikuwa imeshindwa kuituliza. Gari linadunda, mwenye gari analalamika springi ni ngumu, kumbe kinachohangaika ni shokapu.

Kuna jambo jingine linalowaponyoka wanaotaka kulaza gari chini kabisa. Mbele, WRX inatumia mguu wa MacPherson, mfumo uliobuniwa Marekani miaka ya 1940 na Earle MacPherson. Gari linaposhuka mno, mkono wa chini huanza kupanda kuelekea kwenye gurudumu, na kile kitovu ambacho bodi hulalia kwenye kona huzama haraka kuliko uzito wa gari unavyozama. Umeshusha ili lisilale kwenye kona, nalo sasa linataka kulala zaidi. Tairodi nayo imeinama kwa pembe isiyo yake, ukigonga shimo usukani unavutwa. Dawa zipo, za vipande vya kurekebisha pembe, ila hapo tumeshaingia kwenye gharama za mashindano.

Mbele na nyuma lazima vipatane. Hilo lilipimwa vizuri mwanzoni mwa miaka ya 1930 na Maurice Olley, mhandisi Mwingereza aliyetoka Rolls-Royce akahamia Cadillac. Alikuwa na gari la majaribio lenye mizigo ya kuhamishahamisha, na jibu alilolipata bado linafuatwa: mdundo wa nyuma uwe wa haraka kidogo kuliko wa mbele, kwa kuwa magurudumu ya mbele hukutana na tuta kwanza. Nyuma inachelewa kuanza, hivyo iwahi kumaliza, na bodi itulie sawasawa. Ndiyo maana kuchanganya springi, mbele za chapa hii na nyuma za chapa ile kwa kuwa ndizo zilizopatikana Ilala, kunazaa gari linaloitikia kwa kichwa njia nzima ya Bagamoyo.

Nimesimama kwenye gereji nyingi nikiangalia kazi hii, na fundi mzuri humtambua kabla hajashika jeki. Anachukua futi kamba, anapima kutoka katikati ya habu mpaka ukingo wa bodi juu ya tairi, pembe zote nne, anaandika kwa chaki kwenye kioo. Hapimi kutoka ardhini, kwa sababu upepo wa tairi humdanganya. Springi ikiwa kwenye kibanio, anaizungusha taratibu mpaka ncha ya waya igote kwenye kitako ilichochongewa; ikipishana kidogo tu, italia kila ukikata kona. Nati za mikono ya chini hazikazi gari likiwa linaning'inia. Anazishika tu, analiteremsha, analisukumasukuma likae, kisha anaingia chini na kumalizia kukaza. Bushi ni mpira ulioshikamana na chuma ndani na nje. Ukiikaza gurudumu likiwa linaning'inia unaiacha imesokotwa, na itabaki hivyo mpaka ipasuke. Kazi hii inamwongezea labda nusu saa, na mteja hawezi kuiona. Bado anaifanya.

Kwa hiyo mwenye WRX ya kwendea kazini na kurudi: nunua seti ya milimita 20 hadi 25, na asiyekutajia ugumu wa mbele na wa nyuma usimpe hela. Badilisha shokapu na ile mipira siku hiyohiyo, halafu pima alainimenti. Hela ikitosha kimoja tu, anza na shokapu.