Rimu za inchi 16: ombi la kijana lilivyokubaliwa nyumbani

Kijana wa miaka 18 aliyemaliza kidato cha sita na kupata leseni juzijuzi, akitaka kubadilisha gari la nyumbani, kwa kawaida huanza na picha. Anafungua simu, anaonyesha gari lililoshushwa hadi kugusa lami, rimu pana, vioo vyeusi. Mzazi naye anaona mengine kabisa: trafiki ananyoosha mkono, gari limelala juu ya tuta, mtoto yuko wodini. Mazungumzo yanaishia hapo, na kila upande unaondoka ukiamini wa pili hausikii. Mpwa wangu, mtoto wa dada yangu wa Dar es Salaam, alipita njia nyingine na akaruhusiwa. Niliziona hatua zake kwa karibu, na nadhani zinastahili kuchambuliwa kama tunavyochambua kazi ya fundi mzuri: alianza wapi, alifuatisha nini, na kwa nini kazi ilishika.

Gari lenyewe ni Toyota IST ya toleo la kwanza, lile lililoingia sokoni Japani mwaka 2002, lenye injini ya 1NZ-FE ya cc 1,500. Mjini kwetu IST zimejaa, spea zake zipo kila kona ya Kariakoo, na mafundi wanaijua kwa kuipapasa tu. Orodha ya kwanza ya kijana ilikuwa ndefu: rimu za inchi 17, springi fupi za kulishusha, egzosi yenye mlio mzito, tinti nzito, na rangi nyeusi isiyong'aa. Kilichokubaliwa mwishoni ni rimu za inchi 16 na tairi zake, shokapu na springi mpya za nyuma, na kamera ya kurudi nyuma. Mtu anaweza kusema kijana alishindwa. Mimi nasema alishinda, kwa sababu kabla ya hapo nyumba ile haikuwa imeruhusu hata stika kwenye kioo.

Hatua ya kwanza haikuwa ombi hata kidogo. Alichukua tepu ya kupimia akalipeleka gari sheli, pale penye sakafu ya zege iliyonyooka, akapima kutoka katikati ya kila gurudumu hadi ukingo wa bodi juu yake. Upande wa nyuma kushoto ulikuwa chini kuliko wa kulia kwa karibu sentimita mbili. Aliandika vipimo vyote vinne kwenye karatasi ya daftari, akamwonyesha baba yake jioni baada ya chakula, bila kutaja rimu wala egzosi. Alisema tu, "Baba, gari limeinama. Nadhani springi imechoka."

Hapo ndipo siri ilipofichuka. Shemeji yangu mwenyewe alikuwa anafikiria kulibadilisha gari. Mvua za masika zinapochimba barabara ya kwao, gari linaburuza tumbo, na fundi mmoja alikuwa amemshauri aweke spesa juu ya shokapu kulipandisha, kama wanavyofanya wengi wenye IST. Kwa hiyo swali lililokuwa mezani halikuwa tena kama gari libadilishwe au lisibadilishwe. Baba alishaamua kulibadilisha. Alichokuwa hajaamua ni namna gani. Kijana alifika kwenye mazungumzo yaliyokuwa yameanza bila yeye, na alifika akiwa na vipimo mkononi.

Alichofanya na nafasi hiyo ndicho ninachokisifu zaidi. Badala ya kudai springi fupi za kushusha gari, ambazo alikuwa anazitaka kwa moyo wote, alieleza kwa nini spesa ni dawa mbaya ya springi iliyochoka. Spesa inanyanyua bodi lakini springi inabaki dhaifu ileile. Mbele, eksoli zinafanya kazi kwa pembe kali kuliko zilivyoundwa, mpira wa jointi unachakaa mapema, na alaimenti inaharibika. Gari likikaa juu zaidi linayumba zaidi kwenye kona. Akapendekeza wabadilishe springi na shokapu za nyuma, pande zote mbili kwa pamoja, warudi kwenye urefu wa kiwandani. Ilipofanyika, gari liliacha kuburuza tumbo. Ombi la kulishusha alilifuta mwenyewe kwenye orodha yake, kwa sababu asingeweza kulitetea mbele ya tumbo lililokuwa likiburuzwa wiki chache tu zilizopita.

Baada ya hapo ndipo alipotoa karatasi ya pili, yenye orodha, na alikuwa ameipanga kwa namna ambayo sijawahi kuiona kwa kijana wa umri wake. Hakuipanga kwa uzuri wala kwa bei. Aliilinganisha na kadi ya gari. Kadi ya usajili inaandika rangi, namba ya injini na ujazo wa injini. Ukigusa chochote kati ya hivyo, una safari ya TRA kurekebisha kumbukumbu, na siku ya kuuza gari mnunuzi atauliza. Rangi nyeusi ikaondoka hapohapo, kwa kalamu yake mwenyewe. Kundi la pili lilikuwa la vitu ambavyo kampuni ya bima inapaswa kuambiwa, kwa kuwa gari lina bima kubwa na mwenye gari akificha mabadiliko anaipa kampuni sababu ya kukataa madai siku ya ajali. Kundi la tatu lilikuwa la vitu vya kufungua na kufunga nati, vinavyoweza kurudishwa vilivyokuwa ndani ya saa moja. Rimu zilikuwa katika kundi la pili na la tatu kwa pamoja. Aliandika pembeni: rimu za zamani na tairi zake zitawekwa stoo, hazitauzwa.

Sentensi hiyo fupi ilifanya kazi kubwa. Wazazi wengi hawakatai mabadiliko yenyewe kama wanavyokataa kutoweza kuyafuta. Dada yangu aliniambia baadaye kwamba alipoisoma alipumua. Kama mwezi wa kwanza angeona mtoto anakimbiza gari, angemwita fundi, rimu zinashuka, habari imekwisha.

Sasa tuingie kwenye tairi, kwa sababu hapa ndipo hesabu ilipochukua nafasi ya maneno. Tairi zilizokuwepo ziliandikwa 185/65R15. Namba ya kwanza ni upana kwa milimita, ya pili ni asilimia ya upana huo inayokuwa kimo cha ukuta wa tairi, ya tatu ni kipenyo cha rimu kwa inchi. Ukuta basi ni milimita 120, na ukijumlisha kuta mbili na rimu ya milimita 381, kipenyo chote ni kama milimita 621.5. Kijana alitaka inchi 17, na chaguo la kawaida dukani lilikuwa 205/45R17. Kipenyo chake ni milimita 616, tofauti isiyofika asilimia moja, kwa hiyo spidomita isingedanganya sana. Tatizo lilikuwa ukuta: milimita 92 tu. Kwenye barabara yenye mashimo, ukuta wa tairi ndio mto kati ya rimu na ukingo wa shimo, na hapo mto ungepungua kwa karibu sentimita tatu. Chaguo la inchi 16, yaani 195/55R16, lilibakiza ukuta wa milimita 107, na kipenyo kikawa karibu kilekile, milimita 620.9. Aliandika namba hizo katika safu tatu, akaweka alama ya mkasi kwenye safu ya 17. Hakuna mzazi aliyemwambia aifute.

Akaandika pia hasara za rimu za 16 alizozitaka: ni nzito kidogo, gari litapokea mitikiso zaidi, tairi zake ni ghali kuliko za 15. Ziliandikwa juu ya ukurasa, kabla ya faida. Muuzaji hafanyi hivyo, na shemeji yangu amefanya biashara miaka mingi. Anamjua muuzaji akimwona. Hapa hakumwona.

Lakini karatasi ilikuwa na tundu, na baba alilipata. Mwisho wa kila wiki gari lile hubeba mchele kutoka Morogoro. Shemeji alisoma namba zote zilizonakiliwa kutoka kwenye tairi, akaweka kidole kwenye mbili za mwisho. "Hii ilikuwa 88, hii mpya ni 87. Ni nini?"

Kijana alijibu, "Sijui, baba. Naomba nikaangalie, nitakujibu."

Angeweza kusema ni alama ya kiwanda, na pengine ingepita. Namba ile ni kipimo cha mzigo: 88 ni kilo 560 kwa tairi moja, 87 ni kilo 545. Tairi nne zimepungua kilo 60 kwa jumla. Kwa gari lenyewe, ambalo halizidi sana tani moja likiwa tupu, pengo si la kutisha. Kwa gari linalopakiwa magunia na kupandwa na watu wawili, mzazi ana haki ya kuuliza. Siku chache baadaye alirudi na jibu: ukubwa uleule wa 195/55R16 hupatikana katika aina iliyoimarishwa, yenye namba 91, inayobeba hadi kilo 615 ikijazwa upepo wa kutosha. Ni ghali zaidi. Alikubali kulipia nyongeza hiyo kwa fedha za twisheni ya hesabu anayowafundisha watoto wa kidato cha pili mtaani. Kwa maoni yangu ombi lilikubaliwa dakika ile, ingawa ruhusa yenyewe ilitamkwa wiki iliyofuata. Baba aliuliza swali gumu, akaona mtoto halikwepi.

Tuliyozoea katika familia zetu ni kumtuma mtu: shangazi, mjomba, jirani mwenye maneno. Nilikuwa nimejiandaa kutumwa. Kijana alikuja kwangu na karatasi akasema, "Shikamoo mjomba. Sikuombi unisemee. Nitafutie kosa kwenye hesabu." Naona hilo ni tofauti kubwa. Msemaji anaongeza uzito wa umri upande mmoja, na mzazi akikubali anakubali kwa heshima ya msemaji. Kesho heshima hiyo ikiisha, ruhusa nayo inaisha. Kuhusu fundi pia alifanya hivyohivyo: alimpeleka baba kwa fundi wa baba, mzee aliyelitengeneza gari hilo tangu linunuliwe, wala si kwa kijana wa gereji ya mitaani anayependwa na rafiki zake.

Kwa mzee yule kulikuwa na mambo madogo yaliyotaka jicho. Rimu ya kwanza waliyoonyeshwa dukani ilikuwa na upana wa inchi 7 na ofseti ya 35, wakati ya zamani ilikuwa inchi 5.5 na ofseti 45. Ofseti ni umbali kati ya uso unaogusa habu na mstari wa katikati ya rimu. Ukipiga hesabu, ukingo wa nje ungetoka kwa kama milimita 29, na gari likibeba magunia tairi ingekwangua bodi. Wakachukua ya inchi 6 yenye ofseti ileile ya 45, inayotoka milimita 6 tu. Matundu yalikuwa manne kwenye duara la milimita 100, sawa na habu, lakini tundu la katikati lilikuwa kubwa kuliko milimita 54.1 za Toyota, hivyo zikawekwa pete za kujazia ili rimu ikae sawasawa na isitetemeshe usukani. Mzee alikagua nati kama koni yake inakaa vizuri kwenye rimu mpya, akafunga kwa mtindo wa msalaba, akamalizia kwa spana ya kipimo kwenye nyutonimita 103. Akawaambia warudi baada ya kilomita 100 zikazwe tena. Walirudi, na nati mbili zilikubali kukazwa kidogo.

Kamera ya nyuma sina mengi ya kusema juu yake. Iliwekwa kwa ajili ya mama, ambaye anarudi nyuma kwenye geti jembamba, na kijana alijua hivyo alipoiweka kwenye orodha. Wengine wataiita rushwa; ni kitu chenye kazi, na dada yangu anakitumia kila asubuhi. Tinti ilikataliwa bila mjadala, na kampuni ya bima iliandikiwa barua yenye vipimo vya rimu na tairi, ikajibu kwamba imepokea.

Imebaki egzosi, ambayo bado hairuhusiwi na kijana bado anaitaka. Hapa nimesimama na wazazi. Karatasi yake ya egzosi ina video na sifa, haina kipimo hata kimoja cha sauti, na haisemi lolote juu ya kichujio cha moshi ambacho mafundi wengi hukikata ili mlio utoke. Bomba pana kupita kiasi kwenye injini ndogo ya kawaida isiyo na turbo mara nyingi hupunguza nguvu ya chini, ile inayohitajika kupanda mlima na magunia nyuma. Nimemwambia aniletee karatasi nyingine: desibeli kwenye mzunguko wa kawaida, kichujio kikiwa mahali pake, na jina la jirani mmoja aliyekubali kusikia injini hiyo ikiwashwa saa 11 alfajiri.