Kinga Inapoasi: Kuhusu Istilahi za Kuharibika kwa Mimba

Mfasiri wa maandishi ya utabibu hana budi kujihadhari na neno kinga. Mwaka 1983 Graham Hughes na wenzake wa London walieleza ugonjwa ambao ndani yake kingamwili za mtu, badala ya kupigana na vijidudu, huzielekea protini zinazoshikamana na mafuta ya utando wa chembehai zake mwenyewe. Damu huganda mishipani, na mimba huharibika mara kwa mara. Mwaka huo huo wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini Tanzania walitambuliwa mkoani Kagera.

Basi mama wa Bukoba au Muleba aliyepoteza mimba tatu akiambiwa ana «tatizo la kinga ya mwili», atasikia nini? Atasikia upungufu, maana jina la UKIMWI lenyewe limebeba neno hilo. Na mumewe atasikia zaidi. Kumbe kinga yake haikupungua, imeasi. Kwa hiyo twaona «kingamwili asi» lafaa kuliko «tatizo la kinga». Fingomwili nalo ni neno zuri, ila fingo ni la waganga wa pwani, na sidhani kama Ndolage au Rubya litaeleweka bila mkalimani.

Mtego wa pili ni mbaya zaidi, kwa kuwa walioutega ni wataalamu wenyewe. Mojawapo ya kingamwili hizi imepewa kwa Kiingereza jina lenye maana ya kizuia mgando cha lupasi. Katika chupa ya maabara kweli huchelewesha damu kuganda, mwilini huigandisha. Atakayefasiri neno kwa neno aweza kumfanya mjamzito aikatae aspirini na heparini, akidhani damu yake tayari ni nyepesi. Hapa uaminifu kwa jina ni uongo kwa mgonjwa. Yafaa kuandika «kingamwili ya mgando».

Tena kingamwili hizi huweza kukifanya kipimo cha kaswende kitumiacho kadiolipini kuitika pasipo kaswende. Fomu iseme «kipimo kimeitika», isiseme «ana kaswende», hadi kipimo cha aina nyingine kithibitishe. Ndoa zimevunjika kwa machache kuliko hayo.

Limebaki jambo la kitenzi. Vitabu vya zamani vya Kiingereza vilitumia neno moja kwa mimba iliyotoka na iliyotolewa, lakini Kiswahili hutofautisha, na Kanuni ya Adhabu huhesabu kutoa kuwa jinai. Karani anayeandika jaladani «ametoa mimba tatu» amemshtaki mama aliyefiwa. Aandike «mimba tatu zimeharibika».