Hatua Sabini za Nani?

Uliza huku Kilimanjaro ekari moja ina ukubwa gani, iwe Kibosho, Marangu au kule tambarare ya Kahe, utajibiwa vilevile: sabini kwa sabini. Dalali anasema hivyo, na mzee aliyekaa kwenye kikao cha kugawa kihamba, shamba la ukoo la Wachaga, anasema hivyo. Uliza sasa sabini za nini. Huyu atasema hatua, yule atasema mita, na hapo katikati ardhi ya mtu inapotea.

Ekari ni kipimo cha Waingereza: yadi za mraba 4,840, na yadi moja ni futi 3, yaani sentimita 91.44. Mraba wa ukubwa huo una yadi 69.6 kila upande. Mkulima hana haja na desimali, na 70 kwa 70 inampa yadi za mraba 4,900, ziada ya asilimia 1.2 tu. Kwa hiyo wazee hawakubahatisha. Kanuni yao inafaa kabisa shambani, mradi hatua iwe na urefu wa yadi: hatua ya kunyoosha mguu, ya mtu anayepima, si ya mtu anayekwenda sokoni.

Mita ilipoingia, namba 70 ikabaki palepale na kipimo kikabadilika chini yake. Mita 70 kwa 70 ni mita za mraba 4,900, ilhali ekari ni 4,047. Zinazozidi ni 853, yaani viwanja viwili vya 20 kwa 20 na kipande juu yake. Mita inaizidi yadi kwa asilimia 9 hivi, lakini eneo limezidi kwa 21, kwa sababu urefu umeongezeka na upana nao umeongezeka, kisha viwili hivyo vikazidishwa, juu ya ile ziada ya asilimia 1.2. Kinyume chake kinauma zaidi. Ukipima kwa hatua ya kawaida ya sentimita 75, sabini kwa sabini ileile inatoa mita za mraba 2,756, kama theluthi mbili za ekari, na mnunuzi amelipia ekari nzima.

Kwenye vihamba hili si jambo dogo. Utafiti uliochapishwa mwaka 1984 ulikuta kihamba cha Mchaga kina wastani wa hekta 0.68, kama ekari 1.7. Zile mita za mraba 853 ni sehemu moja ya nane ya kihamba cha namna hiyo: migomba, mibuni na majani ya ng'ombe vimo humo.

Mtego huohuo unakuja kwa sura nyingine. Kiwanja cha mita 20 kwa 30 kina mita za mraba 600. Anayetaka futi huchukua 3.28 akazidisha, akapata 1,968. Jibu sahihi ni futi za mraba 6,458, kwa kuwa 3.28 inadai kuzidishwa mara mbili, mara moja kwa kila upande. Vivyo hivyo 35 kwa 35 si nusu ya sabini kwa sabini, ni robo. Halafu kuna neno heka, ambalo mtaani lina maana ya ekari, huku hati ikiandikwa hekta. Hekta 2 ni ekari 4.94, na herufi moja tu ndiyo inayotenganisha heka na hekta.

Kipimo kikigeuzwa sawasawa, uwiano haubadiliki. Barafu ya Kilimanjaro ilikuwa kilomita za mraba 12.06 mwaka 1912, na 1.85 mwaka 2007. Kwa hekta ni 1,206 na 185. Kwa ekari, kama 2,980 na 457. Kwa kipimo chochote, asilimia 85 ilikuwa imekwenda.

Mlimani kuna jambo jingine ambalo watu wa tambarare hawalijui. Ramani huhesabu ardhi kama inavyoonekana ukiitazama kutoka juu, lakini kamba hulala juu ya mteremko. Penye mteremko wa nyuzi 20, mita 70 za kamba ni mita 65.8 za ramani. Kosa hili huingia mara moja tu, kwenye upande unaopanda, kwa hiyo eneo hupungua kwa asilimia 6. Mpimaji akileta namba ndogo kuliko ya familia, mara nyingi hakuiba chochote.

Kupima vizuri kunawezekana bila mitambo. Vuta kamba vipande vifupi, iwe imelala sawa kwa pima maji, shusha timazi mwisho wa kila kipande, kisha anzia hapo tena, ngazi kwa ngazi, kutoka sale la chini, yaani mmea wa mpaka, hadi sale la juu. Kwenye karatasi ya mauziano ziandikwe kwanza mita za kila upande. Neno ekari lije baadaye.