Utunzi wa Hukwe Zawose na Mipaka ya Uhakiki wa Ushairi wa Kiswahili

Hukwe Zawose, aliyefariki mwaka 2003, anafahamika zaidi kama mpigaji wa ilimba na zeze kuliko kama mtunzi. Mgogo huyu wa Dodoma, ambaye Mwalimu Nyerere alimwita Dar es Salaam na ambaye baadaye alifundisha katika Chuo cha Sanaa Bagamoyo, alitunga na kuimba kwa Kigogo na kwa Kiswahili. Makala haya yanadai kwamba kilichomweka pembezoni mwa uhakiki wa ushairi ni kigezo cha uhakiki wenyewe, wala si udhaifu wa tungo zake.

Katika ilimba, baadhi ya ndimi za chuma hazipigwi kwa kidole. Huitikia tu nyingine zinapopigwa. Uimbaji wa Zawose unafuata kanuni hiyohiyo. Maneno machache hurudiwa, ala huyajibu, na sauti inayopanda au kushuka huyapa uzito mpya. Mrudio ambao msomaji angeuhesabu kuwa ufukara wa maneno ndio muundo wa utungo.

Siti binti Saad aliandikiwa wasifu na Shaaban Robert; taarabu yake ilikuwa ya Kiswahili na iliafikiana na mapokeo ya vina na mizani. Mgogoro wa ushairi wa miaka ya 1970 ulilegeza masharti hayo, na wanausasa walizitumia nyimbo za jadi kama hoja. Hata hivyo, pande zote mbili ziliendelea kupima ubeti ulioandikwa.

Soko la nje nalo lina upungufu wake. Katika albamu ya *Assembly* (2002), aliyoshirikiana na Michael Brook, msikilizaji wa Ulaya hupokea sauti bila maana ya maneno. Wahakiki wa nyumbani hushughulikia maneno bila sauti. Mtunzi hupotea katikati.

Suala hili halimhusu Zawose peke yake. Isansa, wilayani Mbozi, ni eneo la Wanyiha. Mtunzi wa huko anayeimba kwa Kinyiha na Kiswahili atakumbana na kigezo kilekile. Hivyo, unukuzi wa nyimbo hauna budi kuonyesha kiitikio, mrudio, kimya na jibu la ala. Bila hayo, kinachohifadhiwa ni maneno ya wimbo tu, nao utungo huzikwa pamoja na mwimbaji.