Namugongo kwa Miguu

Mwezi Mei unapoelekea ukingoni, barabara ya kutoka Busia kwenda Kampala hupata wasafiri wa aina yake: rozari shingoni, blanketi mgongoni, mfukoni vijisenti vya kuhesabika. Wanakwenda Namugongo, alikochomwa moto Karoli Lwanga pamoja na wenzake tarehe 3 Juni 1886, kwa amri ya Kabaka Mwanga, mfalme wa Buganda. Mwaka 1964 Papa Paulo VI aliwatangaza mashahidi 22 wa Uganda, Lwanga akiwemo, kuwa watakatifu.

Ni karibu kilomita 200, na imani peke yake haiponyi nyayo. Mzoefu havai kiatu kipya. Huja na kilekile kilichokwisha kuujua mguu wake. Hujipaka mafuta ya mgando katikati ya vidole, akaondoka saa kumi alfajiri, na jua la saa tano humkuta kivulini. Lengelenge likitokea, hulitoboa pembeni kwa sindano iliyopitishwa motoni, maji yakatoka, lakini ngozi haibandui, maana hakuna bandeji bora kuliko hiyo. Na msafara hufuata mwendo wa yule wa nyuma kabisa.

Ufundi mkubwa zaidi, hata hivyo, ni wa kupokea. Hujaji asiye na kitu hufika parokiani kungali mchana, ili wenyeji waione sura yake vizuri. Husalimia kila mtu, akaomba sakafu ya kulala na maji ya kunawa tu. Chakula haombi. Busoga, wanakopitia, ni nchi ya viazi vitamu, na mara nyingi sinia huja lenyewe. Asubuhi hufagia alipolala, akajaza maji dumu alilolikuta, kisha akaaga.

Hapo ndipo mwenyeji humwambia, “Utuombee.” Mama mmoja ana mtoto mgonjwa, mzee ana kesi ya shamba, binti anangoja matokeo ya mtihani. Hujaji huyashika yote kichwani na kuendelea: Iganga, Jinja kwenye daraja la Nile, msitu wa Mabira, Mukono. Kwa hiyo si ombaomba, ni mjumbe. Kiazi alichokula ni nauli ya ujumbe aliobeba. Ndiyo maana hupokea bila kuinamisha uso.

Basi la abiria hufika Namugongo siku hiyohiyo, na waliomo husali vizuri tu. Ila hakuna mtu wa Iganga aliyewatuma.