Kitovu cha Kangaga

Mzee anayetunza bustani moja pale Lushoto alikataa kuchimba siku niliyotaka achimbe. Ilikuwa Februari, jua linawaka, nami nina haraka ya kurudi Soni na kipande cha kangaga alichoniahidi. Aliinama, akatenga majani kwa vidole viwili, akachungulia katikati. "Huyu bado amelala, mwanangu. Njoo mvua zikishika."

Nikarudi mwishoni mwa Machi. Safari hii pale katikati palikuwa na vichipukizi vilivyojikunja kama mkia wa kinyonga, vimevaa manyoya ya kahawia, havijapita urefu wa kidole gumba. Hapo ndipo alipokuwa akipangojea. Majani yakishakunjuka ni laini mno, hata kuyapapasa tu huyavunja. Vuli nayo inafaa, lakini Juni na Julai hagusi kitu: baridi ya Usambara huusimamisha mmea, na mzizi uliokatwa hukaa bila kupona.

Alingoja jioni, wingu limetanda. Akachora duara shubiri moja kutoka shinani, maana mizizi ya kangaga haiendi chini sana, hutanda kama mkeka. Akaliinua na udongo wake wote, akalilaza juu ya gunia bichi, kisha panga likashuka mara moja tu. Vipande viwili, kila kimoja na kitovu chake, pale vichipukizi vinapotokea.

Kitovu hicho ndicho kilichonishinda mwaka jana. Nilikifukia kama ninavyofukia mche wa nyanya, nikamwagilia kwa bidii. Wiki ya tatu nikakivuta, kikanibakia mkononi kimeoza. Mzee yeye, akipanda chake, alijaza mboji shimoni, akabonyeza kwa ngumi, akaweka kiganja juu ya udongo kupima: kitovu kiwe usawa wa ardhi, au kichomoze kidogo. Alipima, akafukua, akapima tena. Mara nne. Mimi ningeridhika na ya kwanza.

Nilipomuuliza kuhusu wanyama wanaokula makangaga, alicheka. Wengi hawayapendi, yako hata yanayodhuru ng'ombe. Taabu ni udongo mpya uliolowa, umejaa minyoo. Nguruwe mwitu huufumua usiku, kuku wa jirani asubuhi, na kima hung'oa kwa utundu tu. Kwa hiyo alikata kipande cha wavu wa waya wa banda la kuku, akatoboa tundu katikati, akakilaza juu ya udongo na kukikandamiza kwa mawe, kisha akakifunika kwa majani makavu. Kwenye shimo jingine, karibu na njia ya fuko, alitandika wavu mwingine chini na pembeni kama kikapu kabla ya kupanda. Konokono ndio wanaokula kweli vichipukizi. Majivu huwazuia, ila mvua ikinyesha yanakwisha kazi, ndiyo maana mzee huwafuata usiku na tochi na kopo.

Kangaga langu, nililolipanda Soni kwa njia hiyo hiyo, sasa lina majani saba. Wavu niliuondoa baada ya miezi miwili, kama alivyoniagiza. Nawe ukitaka kuanza, muombe mwenye bustani akugawie kipande masika yakianza. Usiingie na panga msitu wa Magamba. Ile ni hifadhi, si kitalu.